Jiwe Halishushi Sukari

Kazi yangu ilikuwa kufungasha mawe. Watu wa kanisani wakiniuliza nafanya nini huko Wetherill Park, mtaa wa maghala wa huku ughaibuni, niliwajibu hivyo, na wengi walidhani ni kokoto za ujenzi. Hapana. Ni mawe ya kupendeza: amethisto ya zambarau, kwatzi nyeupe na ya rangi ya waridi, turmalini nyeusi na za kijani, yale ambayo kamusi inayaita fuwele. Yanaingia kwa kontena kutoka pande zote za dunia. Sisi tunayaosha, tunayapanga kwa ukubwa, tunayaviringisha katika karatasi laini, tunatia kila moja ndani ya kiboksi pamoja na kadi ndogo, kisha yanakwenda kwa wateja wanaoamini kwamba yanaponya.

Nilipoanza sikujali wanaamini nini. Nilikuwa nimetoka kwenye ghala la vyakula vya barafu, ambako vidole vilikufa ganzi kabla ya chai ya saa nne. Ghala la mawe lilikuwa na joto, lilikuwa na redio, na lilikuwa na bosi anayekusalimu. Tena mawe nilikuwa nayajua. Baba yangu alikuwa mchimbaji katika milima ya Kivu ya Kusini, akitafuta kasiterite, jiwe la bati, kwa sururu na patasi, na mimi niliosha mchanga na kuchagua mawe tangu nikiwa na miaka minane mpaka vita vilipotukimbiza. Jambo hilo sikuwaambia kazini. Mtu hajisifu kwa kazi iliyomng'oa kucha utotoni.

Bosi alikuwa mama wa Kizungu wa makamo, mjane, mwenye pete ya jiwe katika kila kidole cha mkono wa kushoto. Hakuwa tapeli. Nasema hili mapema kwa sababu nikisimulia habari hii watu humcheka, nami sipendi. Aliyaamini mawe yake kama mimi ninavyoamini sala. Asubuhi kabla ya kufungua milango alikaa kimya dakika chache na jiwe kiganjani, na akiinuka hapo uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyelala vizuri.

Kila jiwe lilikuwa na kadi yake. Ya waridi iliandikwa mapenzi, nyeusi iliandikwa kinga dhidi ya jicho baya. Kadi ya amethisto ilikuwa na mistari minne, na wa mwisho ulisema jiwe hilo husafisha damu na kushusha sukari. Nilizitia kadi hizo maboksini siku nzima, siku zote tano za wiki, na sikuwahi kuusoma mstari ule kama maneno yanayoweza kumfika mtu.

Mawe yenye ufa hayauzwi. Bosi alituruhusu kwenda nayo nyumbani, na Ijumaa moja nikampelekea jirani yangu amethisto yenye ufa, kubwa kama yai la bata.

Jirani huyu ni mama wa Kirundi. Nyumba zetu za serikali kule Campbelltown zinatenganishwa na ukuta mmoja, hata akikaanga kitunguu nasikia harufu. Alikulia kambini Tanzania na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Mimi nachanganya ngeli na Kifaransa, naye hunisahihisha bila kuniaibisha. Amenizidi miaka kumi. Mimi namwita dada, yeye ananiita mdogo wangu. Ana kisukari, na wakati ule alikuwa anajichoma insulini mara mbili kwa siku.

Alilipenda lile jiwe mara moja. Akaligeuza dirishani, mwanga wa zambarau ukamwangukia kwenye mikono.

"Linafanya nini?" akaniuliza.

Nikaitoa kadi mfukoni, nikamtafsiria mistari yote minne. Kwenye ule wa mwisho nikacheka. "Na hapa Wazungu wanasema linashusha sukari! Basi dada, umepata daktari wa bure."

Yeye pia alicheka. Tukanywa chai.

Wiki tatu zilipita. Siku hizo nilikuwa naondoka alfajiri kupanda treni mpaka Fairfield, kisha basi, na kurudi nimechoka, kwa hiyo tulisalimiana tu juu ya ukuta. Nilimwona amekonda kidogo. Nikamwambia amependeza. Mungu anisamehe kwa sifa ile.

Jumapili ya mwisho ya mwezi hakuja kanisani, yeye ambaye huimba sauti ya kwanza na hufika kabla ya mchungaji. Baada ya ibada nikabisha mlango wake. Hakujibu. Ufunguo wake wa akiba nilikuwa nao, nikaingia. Nilimkuta sebuleni kwenye kochi, jagi la maji tupu miguuni, midomo imekauka na kupasuka. Alinitazama kama mtu anayemtafuta mwenzake ng'ambo ya mto. Pumzi yake ilinuka kama mananasi yaliyoiva kupita kiasi.

"Dada, umepima sukari?"

Akatikisa kichwa.

Nikachukua kile kipimo chake kabatini, nikamchoma kidole kama nilivyomwona akifanya mwenyewe. Badala ya tarakimu kikaonyesha herufi mbili tu, maana yake sukari imepita pale kinapoweza kusoma. Nikapiga simu ya dharura. Nilipomfungua kitenge ili apumue vizuri, nikaona amejifunga kitambaa kiunoni, na ndani ya kitambaa lilikuwa lile jiwe langu. Lilikuwa na joto la mwili wake. Kwenye friji chupa za insulini zilikuwa zimepangwa mstari, nyingine bado na vifuniko vyake.

Hospitalini walimwekea dripu mbili. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya upole, akaleta mkalimani kwa simu, lakini dada yangu hakutaka kumjibu mkalimani. Daktari akauliza mara ya pili: "Kwa nini uliacha dawa?" Dada akageuza uso ukutani.

Nikasema mimi. Nilisema kwa Kiingereza changu cha ukubwani, kile nilichojifunzia darasa la wageni pale Fairfield. "Mimi ndiye niliyempa jiwe. Nilimwambia linashusha sukari. Nilitania, lakini sikumwambia kwamba natania."

Nilitegemea anikaripie. Akasema tu, "Asante kwa kunieleza. Sasa najua la kuzungumza naye," akaandika.

Usiku huo sikwenda nyumbani. Siku ya pili, alipoweza kuzungumza, dada aliniita karibu na mto wake wa kulalia.

"Usijilaumu, mdogo wangu. Nilijua unatania."

"Ulijua?"

"Nilijua. Lakini nimechoka na sindano. Miaka kumi na moja, tumbo langu limekuwa kama chujio. Jiwe haliniumizi. Nikasema, nijaribu siku moja. Siku ya kwanza sikuanguka, nikasema, nijaribu ya pili."

Ndipo nilipoelewa. Hakuwa mjinga. Alikuwa mchovu, na mchovu akipewa mlango hauulizi unaelekea wapi. Tulishikana mikono tukalia, kisha tukacheka kwa sababu mgonjwa wa kitanda cha pili, bibi wa Kiitalia asiyejua neno letu hata moja, naye alikuwa analia nasi.

Mchungaji alikuja kumwombea. Aliposikia habari ya jiwe akasema ni pepo, litupwe mtoni. Nikamjibu kwa heshima, "Mchungaji, halina pepo. Ni jiwe. Nimeyaosha maelfu. Kosa si lake." Hakupenda, lakini aliomba vizuri.

Nilirudi kazini Jumatano, na siku hiyohiyo bosi akaniita. Alikuwa anaandaa siku ya wateja, Jumamosi asubuhi, waje kuona ghala, wanywe chai ya majani na kusikiliza mazungumzo. Shehena moja ilikuwa imeingia wiki ile kutoka Kongo, na mtu alikuwa amemwambia mimi ni wa huko.

"Mbona hukuniambia?" akasema, macho yanang'aa. "Wewe umetoka nchi ya mawe! Bibi zako lazima walijua siri zake. Utazungumza? Njoo na nguo zako za kwenu."

Bibi yangu, mama mzaa baba, alikuwa na mawe matatu tu yaliyomhusu, nayo yalikuwa mafiga. Alipikia ugali juu yake na hakuwahi kuyauliza siri yoyote. Nilitaka kumwambia bosi hivyo. Nikamtazama usoni, nikaona hana dharau, ana hamu tu. Nikasema nitazungumza.

Jioni nilimwuliza dada yangu, kitandani kwake, kama naweza kusimulia yaliyompata.

"Wasimulie," akasema. "Ila usiwatajie jina langu."

Jumamosi nilivaa kitenge cha bluu na ndege wa njano, nikafunga kilemba. Wateja walikuwa kama thelathini, karibu wote wanawake, wameketi kwenye viti vya kukunja kati ya rafu. Kwenye meza ya mbele vijiti vya ubani vilikuwa vinaungua na kudondosha majivu kwenye kisahani. Bosi alikuwa ameandika ubaoni kwamba watasikia hekima ya kale ya Afrika juu ya mawe.

"Habari za asubuhi," nikaanza. "Mimi si mganga. Kwetu hakuna aliyenifundisha kuponya kwa mawe. Mimi ni binti wa mchimbaji."

Maneno hayo sikuwahi kuyatamka kwa sauti katika nchi hii. Yalitoka, nami nikaendelea.

Nikawaeleza shimo la baba yangu lilivyokuwa: upana wa mabega yake, urefu wa minazi miwili, kamba ya majani ya mgomba iliyosokotwa, taa iliyofungwa kichwani kwa mpira wa tairi. Nikawaambia tulitafuta jiwe zito la kahawia linalotoa bati, na kwamba kwatzi hizi wanazozilaza kifuani sisi tulizitupa kando ya njia, maana hakuna aliyezinunua. Wengine walicheka, wengine waliyatazama mawe mapajani mwao kama wanayaona upya.

Kisha nikaomba kikombe cha maji ya moto. Nilikuwa nimechagua turmalini ya kijani, ndefu kama kidole. Nikaizamisha, nikahesabu taratibu, nikaitoa, nikaifuta kwa kitambaa mpaka ikakauka, nikaisogeza juu ya kile kisahani cha majivu ya ubani. Majivu yakaruka yenyewe, yakang'ang'ania kwenye ncha ya jiwe kama vinyweleo.

Ghala zima lilishtuka. Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele akasimama.

"Baba yangu alitufanyia hivi kando ya moto," nikasema. "Sisi watoto tulikimbia tukipiga kelele kwamba ni jini. Yeye akatuita turudi, akarudia mbele yetu mara tatu mpaka tukachoka kuogopa. Akasema: si jini. Jiwe hili likipata joto linavuta majivu, kama sumaku inavyovuta msumari. Ni tabia yake. Halijui kama wewe ni mgonjwa au mzima."

Baba yangu hakumaliza darasa la tano. Nilipoyasema maneno yake mbele ya watu wale, kwa Kiingereza, katika ghala la bati upande wa pili wa dunia, nilikuwa namwona na taa yake ya tairi.

Halafu nikawasimulia habari ya rafiki yangu. Sikuipamba. Kadi, kicheko changu, kitambaa kiunoni, chupa kwenye friji. Nikasema yuko hospitali na atapona, na kinachomponya ni insulini. "Jiwe lilikaa naye wiki tatu. Sukari haikushuka hata kidogo."

Hakuna aliyepiga makofi. Bosi alikuwa amesimama kando ya foklifti, lile gari la kuinulia mizigo, mkono wenye pete mdomoni. Mwanamume mmoja aliinuka na kutoka, na kiti chake kikajikunja kwa mlio. Nikajiambia, basi, Jumatatu natafuta kazi nyingine.

Ndipo mama mmoja aliyekuwa na kofia ya sufu, bila nywele chini yake, akainua mkono. "Mimi napata dawa za saratani," akasema. "Na wakati zinaingia nashika kwatzi yangu. Unataka niitupe?"

Swali hilo sikuwa nimelitegemea. Nilimwendea, nikachuchumaa mbele yake kama tunavyofanya kwa wagonjwa nyumbani.

"Hapana, mama. Ishike. Ikikutuliza, utulivu huo ni wako na ni wa kweli. Mimi nilishika mkono wa rafiki yangu usiku kucha na mkono wangu haukuponya kitu, lakini alinishukuru. Dawa tu usiiache."

Akaniwekea jiwe lake kiganjani nilione. Ilikuwa kwatzi safi, na ndani yake kulikuwa na ukungu mwembamba. Nikamwonyesha ukungu ule, nikamweleza kwamba ni maji yaliyofungiwa humo wakati jiwe linakua, kabla ya mtu yeyote kuwapo duniani. Akalitazama muda mrefu. "Hilo hakuna aliyewahi kuniambia," akasema.

Baada ya hapo hawakutaka kuondoka. Walipanga foleni na mawe yao. Nikawaonyesha jinsi jiwe la kweli linavyokuwa baridi shavuni na kuchelewa kupata joto, jinsi ilivyo rahisi kuona mapovu ndani ya kioo kilichochongwa, jinsi ya kupapasa michirizi mirefu ya turmalini kwa ukucha. Chai ya majani ilipoa bila kunywewa.

Jumatatu bosi aliniita ofisini. Nilienda na begi langu begani, tayari.

"Kaa," akasema. Alikuwa na kadi ya amethisto mbele yake. "Mume wangu alipata matibabu yote. Yote. Na alishika jiwe mpaka siku ya mwisho. Kwa hiyo mimi sikuwahi kufikiri kwamba mtu angeweza kuchagua moja." Akaigeuza kadi. "Maneno haya yalitoka kwa muuzaji wa jumla. Niliyachapisha hivyohivyo. Sikuyasoma."

"Hata mimi sikuyasoma," nikamjibu, "na nilikuwa nayatia maboksini kwa mikono yangu."

Tulitoka pamoja kwenda rafuni. Siku hiyo hatukufungasha kitu. Tulizitoa kadi zote zilizotaja damu, sukari, figo, moyo, uzazi, tukajaza mapipa mawili ya karatasi. Kisha akanipa kalamu. Akataka kadi mpya zieleze jiwe ni la aina gani, linatoka wapi, ni gumu kiasi gani, na lina tabia gani. Niliziandika kwa wiki nzima, mezani kwake, yeye akisahihisha tahajia na mimi nikimsahihisha mawe. Mstari wa mwisho ulikuwa uleule kwenye kila kadi, na niliutunga mimi: jiwe hili si dawa, endelea na matibabu ya daktari wako. Alitaka kuongeza maneno laini kabla yake. Nikakataa. Akakubali.

Bado kila asubuhi anakaa na jiwe lake kiganjani. Simwulizi. Wateja wengine walihama, wakaenda kununua kwa watu wanaoahidi zaidi. Wengine walikuja kwa sababu ya kadi. Dada yangu alitoka hospitali baada ya siku tisa. Sasa nesi amempa kalamu ya insulini yenye sindano fupi nyembamba, na anajichoma huku akiniambia juu ya ukuta kwamba ngeli zangu bado ni mbovu.

Mwezi uliofuata lilifika kontena jipya. Zamani bosi angesaini karatasi na foklifti ingeanza kushusha. Safari hii alimwambia dereva asubiri, akaniita kwa sauti mbele ya wanaume wote wa ghalani, wale ambao kwa miaka miwili walijua tu kwamba mimi ni mama mnyamavu wa meza ya kufungashia. Nilipanda ndani ya kontena na tochi. Nilifungua boksi moja moja. Nilipofika kwenye kwatzi nyekundu nikaweka jiwe moja shavuni, likapata joto upesi mno. Nikalimulika, mapovu yakaonekana, ya mviringo, safi, kama ya soda.

"Haya ni kioo," nikasema. "Maboksi haya matatu yote."

Dereva akasema karatasi zinasema ni mawe halisi, zina muhuri. Bosi hakuangalia muhuri. Aliniangalia mimi.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Rudisha," akamwambia dereva, na wanaume wakapanda kontenani kuyafunga upya maboksi yale matatu.